PET ya ubongo kwa mgonjwa wa kifafa: inajibu swali gani, na ifanywe lini

*"Dokta, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, tunaishi Mbagala. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alipata degedege la homa lililokaa karibu saa nzima, akalazwa. Baadaye akawa mzima kabisa hadi darasa la tatu, ndipo haya mambo yakaanza. Siyo kila mara anaanguka. Mara nyingi anashika tumbo, anasema kuna kitu kinampanda hadi kooni, halafu anakodoa macho, anatafuna wakati mdomoni hamna kitu, anavutavuta shati, ukimwita haitiki. Ni kama dakika mbili, kisha anachoka na hakumbuki. Kuanguka kabisa ni kama mara moja kwa mwezi. Alianza na fenobabitoni, sasa anatumia kabamazepini 200 asubuhi na 200 usiku. Ramadhani alifunga, akaanguka mara tatu. CT scan ilisema ubongo ni wa kawaida na EEG nayo kawaida. Binamu yetu aliyeko India anasema kuna kipimo cha PET kinachoonyesha ubongo unavyotumia sukari, na kwamba kifafa ni sehemu ya ubongo inayokosa sukari. Tangu hapo mama anampa glukosi kila asubuhi. Familia inataka kuuza kiwanja cha Chanika ili akapimwe huko. Je, kipimo hiki ndicho kitathibitisha kama ni kifafa kweli? Na mionzi yake haitamdhuru?"*

Marahaba, dada. Umemweleza mdogo wako vizuri kuliko barua nyingi za rufaa zinazofika mezani kwangu, na nitakuomba uyabebe maelezo hayo hayo, neno kwa neno, kila utakapompeleka. Nianze na swali lako la kwanza: hapana, PET haithibitishi kama mtu ana kifafa au hana. Inatumika kujibu swali jingine, ambalo linakuja baadaye sana, na huenda familia yenu itafika huko. Ila bado hamjafika, na yapo mambo ya bei ndogo zaidi ambayo yakirukwa, hata picha nzuri ya PET haitamsaidia.

Kifafa tunakitambua kwa masimulizi ya mtu aliyeona. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki, kwa hiyo wewe ndiye shahidi. Kitu kinachopanda kutoka tumboni, macho kukodoka, kutafuna hewa, mikono kuvutavuta nguo, kisha uchovu na kusahau: mtaalamu wa mishipa ya fahamu akisikia hayo kwa mpangilio huo, anafikiria kwanza sehemu ya ubongo iliyo ubavuni, usawa wa sikio, tunayoiita temporali. Ndani yake kuna kiungo kidogo cha kumbukumbu kinachoitwa hipokampasi. Degedege refu la utotoni, miaka kadhaa ya utulivu, kisha vipindi kama hivi kuanza ukubwani kidogo, ni mfuatano tunaoujua vizuri. Mara nyingi ukitafuta kwa picha sahihi unakuta hipokampasi ya upande mmoja imesinyaa na kuwa na kovu. Siwezi kumpa mtu jina la ugonjwa kwa barua. Lakini kwa maelezo haya sina wasiwasi mkubwa kwamba mnahangaika na kitu kisichokuwapo.

Mbona basi vipimo vimesema "kawaida"? EEG ya kawaida inarekodi umeme wa ubongo kwa dakika 20 hadi 30. Kama katika dakika hizo ubongo umetulia, karatasi itatoka safi. Kwa watu wenye kifafa cha kweli, EEG ya kwanza hukosa dalili kwa takribani nusu yao. Ndiyo maana tunairudia, na tunaomba mgonjwa akeshe usiku wa kuamkia kipimo ili asinzie akiwa amevaa zile waya, kwa sababu usingizi huyatoa mengi yanayojificha. Na CT ni kipimo kizuri cha kuona damu, uvimbe mkubwa, au yale madoa ya chokaa yanayoachwa na mabuu ya tegu wa nguruwe, ambayo kwa wagonjwa wanaotoka sehemu kama Mbulu huwa tunayatafuta. Kovu dogo la hipokampasi CT hailioni. Kwa hiyo vipimo viwili mlivyofanya havijasema kijana hana kifafa. Vimesema tu kwamba siku ile, kwa mashine ile, hakikuonekana.

Sasa tuje kwenye sukari, maana hapa ndipo binamu amepatia nusu na kukosea nusu.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, na chakula chake kikuu ni glukosi, takribani gramu 120 kwa siku kwa mtu mzima. PET inatumia ulaji huo. Mgonjwa anadungwa kwenye mshipa kiasi kidogo sana cha glukosi iliyofanyiwa ujanja: imebandikwa florini-18, ambayo inatoa mionzi. Dawa hiyo huitwa FDG. Seli inaipokea ikidhani ni glukosi ya kawaida, inaanza kuichakata, kisha inakwama; haiendelei mbele wala haitoki nje. Kwa hiyo inajikusanya zaidi pale ambapo seli zinafanya kazi zaidi, na mashine inapiga picha ya mkusanyiko huo. FDG ilidungwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1976, Philadelphia. Miaka michache baadaye David Kuhl, Jerome Engel na Michael Phelps kule Los Angeles wakaichukua kwa watu wenye kifafa, wakakuta jambo ambalo wengi hawakulitegemea: eneo linaloanzisha kifafa, ambalo wakati wa kipindi chenyewe linawaka kupita kiasi, katika siku za kawaida linatumia sukari *pungufu* kuliko jirani zake.

Pungufu hiyo haitokani na sukari kuwa chache kwenye damu. Damu inayofika pale ina sukari ile ile inayofika kwingine. Seli za eneo hilo ndizo zinazofanya kazi vibaya: baadhi zimekufa, nyingine zimepoteza miunganiko, nyingine zinazuiwa na jirani zisirushe umeme ovyo, na zote hizo zinahitaji sukari kidogo. Kwa hiyo mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba glukosi ya asubuhi haifiki anakotaka ifike. Haimdhuru sana kijana mwenye afya, zaidi ya meno na uzito, lakini haitibu kitu. Na kwa PET yenyewe ni kikwazo: mgonjwa hutakiwa kufunga kula kwa saa nne hadi sita, kwa sababu sukari ikijaa kwenye damu inagombania mlango na FDG na picha inatoka hafifu. Upo ugonjwa mmoja adimu wa kurithi ambapo mlango wa kuingizia sukari kwenye ubongo ni mbovu kweli, na wenyewe kwa kawaida huanza mapema sana utotoni na hutibiwa kwa chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo mno. Hata huo hautibiwi kwa kuongeza glukosi. Na haufanani na mdogo wako.

Picha ya PET ukiiona, lile eneo hutoka na rangi hafifu, na familia nyingi hushtuka: "Kumbe ubongo umekufa hapo!" Hapana. Chukulia umepanda ndege usiku na unatazama Dar kutoka juu, taa zinawaka kuanzia Kigamboni hadi Bunju, isipokuwa mtaa mmoja uko giza. Nyumba zipo, watu wamo ndani, umeme ndio umekatika. Na giza limechukua mtaa mzima ingawa transfoma iliyolipuka ni moja, tena huenda iko pembeni. Hivyo ndivyo PET ilivyo: eneo hafifu karibu kila mara ni pana kuliko chanzo chenyewe. Inatuambia mtaa, haituambii nguzo. Hakuna daktari mpasuaji mwenye akili timamu atakayekata kwa kufuata mipaka ya rangi ya PET peke yake.

Kwa hiyo swali ambalo PET inalijibu ni "kinaanzia wapi?". Na swali hilo lina maana ya matibabu hasa pale ambapo tunafikiria upasuaji. Kama upasuaji haumo kwenye mazungumzo, jibu la PET halibadilishi kidonge hata kimoja.

Upasuaji unaingia lini kwenye mazungumzo? Shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, mwaka 2010 lilikubaliana kwamba kifafa kinahesabiwa kuwa sugu kwa dawa pale dawa mbili, zilizochaguliwa sawasawa kwa aina hiyo ya kifafa, zikatumiwa kwa dozi ya kutosha na bila kurukwa, zinaposhindwa kukizima. Karibu theluthi mbili ya wagonjwa hutulia kwa dawa. Theluthi iliyobaki ndiyo inayofika hapa. Nikisoma barua yako, sioni bado kwamba mdogo wako amefeli dawa mbili. Kabamazepini ni chaguo zuri kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja, lakini 200 mara mbili ni miligramu 400 kwa siku, na kwa mtu mzima dozi ya kawaida hufika 800 hadi 1200. Inawezekana amekaa miaka kwenye dozi ya kuanzia tu. Hili ndilo ninalokutana nalo kliniki mara nyingi kuliko lolote: dawa inalaumiwa kabla haijapewa nafasi. Tafadhali msiipandishe wenyewe nyumbani. Inapandishwa hatua kwa hatua na daktari, huku mkichunguza vipele, kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili. Kipele chenye homa au vidonda mdomoni ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Na fenobabitoni je, ilishindwa, au iliachwa kwa sababu ilimlaza darasani? Ilikuwa dozi gani? Iliwahi kukatika dukani? Andikeni mnachokumbuka. Kuhusu Ramadhani: mgonjwa wa kifafa ana ruhusa ya kidini ya kutofunga, na wengi wa masheikh watakuambia hivyo hivyo. Kama moyo wake unataka kufunga, amuone daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu zipo dawa za kumeza mara moja au mbili zinazoweza kupangwa futari na daku; ila usingizi unaokatika wakati wa daku nao huchokoza kifafa, na hilo halina kidonge. (Kwa wasomaji wengine: kama kijana wenu hurusha vikombe asubuhi kwa sababu mikono inashtuka ghafla, mwambieni daktari kabla hajaandikiwa kabamazepini. Aina hiyo ya kifafa inaweza kuzidishwa na dawa hii.)

Kitu cha pili kabla ya PET ni MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku. Hamjaifanya, na kwa mdogo wako hiki ndicho kipimo ninachokitaka kuliko vyote. Ipo hapa hapa Dar, Muhimbili na kwenye baadhi ya hospitali binafsi. Lakini MRI si moja. Ukiomba "MRI ya ubongo" tu, utapata vipande vinene vilivyopigwa kwa pembe ya kawaida, na hipokampasi yenye urefu wa sentimita chache inapotelea katikati. Daktari aandike kwenye fomu kwamba ni itifaki ya kifafa (mpangilio wa picha uliopangwa kwa ajili ya kifafa), kwamba anashuku temporali, na upande gani kama unajulikana. ILAE mwaka 2019 ilipendekeza seti tatu za picha ambazo mashine nyingi za kawaida zinaweza kuzipiga, mojawapo ikikata hipokampasi kwa kukingama ili kulia na kushoto vilinganishwe. Mwenye kuisoma pia ni muhimu. Mara kadhaa "kawaida" ya ripoti ya kwanza imebadilika pale picha zilipotazamwa upya na mtu aliyekuwa na historia ya mgonjwa mkononi. Kwa hiyo chukueni CD, siyo karatasi pekee.

Tuseme sasa dawa zimepandishwa vizuri na bado vipindi vinaendelea. Hapo kuna njia mbili. Kama MRI inaonyesha kovu la hipokampasi upande mmoja, na EEG ya video (ile ya kulazwa siku kadhaa mpaka kipindi kirekodiwe) inaonyesha kipindi kikianzia upande huo huo, na maelezo yako yanaendana, basi wataalamu wengi wataridhika bila PET. Mbale, Uganda, madaktari wamewahi kufanya upasuaji wa kifafa cha temporali wakitegemea EEG ya video na picha za kawaida za ubongo. Kama MRI ni safi, au inasema kulia na EEG inasema kushoto, hapo PET inapata thamani yake. Kwa kifafa cha temporali, PET huonyesha eneo hafifu kwa takribani wagonjwa 7 hadi 9 kati ya 10. Kikianzia kwingine, kwa mfano mbele ya ubongo, uwezo wake hushuka hadi karibu nusu au chini. Mgonjwa ambaye MRI yake ni safi lakini PET na EEG vinaonyesha temporali ile ile, anaweza kufaidika na upasuaji karibu sawa na yule mwenye kovu linaloonekana. Na pale PET inapolazwa juu ya MRI kwa kompyuta, mara nyingine kasoro ndogo iliyopuuzwa mwanzo, labda mkunjo mmoja wa ubongo uliokaa vibaya tangu tumboni, ghafla inaonekana.

Inaweza pia kutoka bila jibu. PET safi haifuti kifafa. Na PET inaweza kudanganya: kijana akipata kipindi muda mfupi kabla ya sindano au katika ile nusu saa ya kusubiri baada yake, eneo lake litawaka badala ya kufifia, na upande wa pili ambao ni mzima utaonekana ndio hafifu. Vituo makini humvalisha EEG wakati wa kusubiri kwa sababu hiyo. Fenobabitoni nayo hupunguza ulaji wa sukari wa ubongo mzima, kwa hiyo orodha ya dawa lazima imfikie msomaji wa picha. Hiyo isiwe sababu ya kuacha dawa kabla ya kipimo. Kuacha ghafla kunaweza kuleta vipindi visivyokatika, na watu hufa kwa hilo.

Kipimo chenyewe hakina vitisho. Sindano moja, kupumzika kwenye chumba tulivu chenye mwanga hafifu bila simu wala maongezi, kisha kulala kwenye mashine kwa muda usiozidi nusu saa kwa kawaida. Mionzi ya PET ya ubongo ni kama milisivati (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) 4 hadi 5, wakati mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110, kwa hiyo hadi kesho yake imekwisha. Kwa kipimo kinachofanywa mara moja kwa sababu ya maana, hatari hiyo ni ndogo na haiharibu ubongo. Siku hiyo tu asibebe mtoto mchanga kwa muda mrefu wala kukaa karibu sana na mjamzito.

Kuhusu India. Sina ubishi na hospitali za huko. Wagonjwa wetu wengi wametibiwa vizuri. Ninachopinga ni safari inayonunua picha badala ya matibabu. Nairobi, Aga Khan University Hospital ina PET, na Ocean Road hapa Dar mradi wake wa PET ulilenga saratani, kama ilivyo sehemu kubwa ya ukanda wetu, kwa hiyo kabla ya kutuma mgonjwa popote daktari wenu awaulize kama wanafanya ubongo kwa kifafa na kama yupo mtu anayesoma picha za aina hiyo. Mkifikiria India, waandikieni na muombe majibu kwa maandishi: je, wana timu ya upasuaji wa kifafa, siyo ya uvimbe tu? EEG ya video ya siku kadhaa imo kwenye gharama? PET ikitoka safi, hatua gani inafuata na kwa shilingi ngapi? Upasuaji ukikubalika, nani atamfuatilia akirudi? Hospitali isiyoweza kujibu hayo haistahili kiwanja chenu. Na inayojibu vizuri itawaomba MRI na historia ya dawa kwanza, ambavyo mnaweza kuvipata hapa kwa sehemu ndogo ya nauli.

Nisikuache ukidhani nawakatisha tamaa na upasuaji. Kwa kifafa cha temporali kilichoshinda dawa, ni tiba nzuri. Utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2001 uliwagawa wagonjwa 80 kwa bahati nasibu: baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa hawapati tena vipindi vya kupoteza fahamu, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki kwenye dawa peke yake. Kama mdogo wako atafika hapo, nisingependa afike akiwa na miaka 35. Kwa hiyo msikae miaka mingine mkibadilisha vidonge: zikishindwa mbili kwa dozi kamili, dai rufaa ya kujadiliwa kwa upasuaji.

Wiki hii, mrekodi kwa simu kipindi kimoja kuanzia mwanzo, uso na mikono yote miwili ionekane, na umwite jina huku ukirekodi. Mkono upi unavutavuta, upi umekakamaa, anaanza kuongea baada ya muda gani: hayo yananiambia upande kabla ya mashine yoyote. Mpelekeni kliniki ya mishipa ya fahamu Muhimbili au kwa bingwa yeyote wa fani hiyo mkiwa na video hiyo, vidonge vyenyewe, na CD za zamani. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitunguu, mtazame saa. Ikipita dakika tano hajatulia, au kikifuata kingine kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali ya karibu muda huo huo, Temeke au Zakhem, yoyote inayofikika haraka. Na mpaka atulie, asiendeshe bodaboda, asiogelee peke yake, na asiachwe na jiko la mkaa.